SITI BINTI SAAD NA ELIMU YA SAUTI YAKE

Ndugu wa ukoo wetu, mlioko Jeddah, Riyadh na kwingineko,

Wazee wa chama wamenitaka niandike habari za mtu mashuhuri wa kwetu. Nimemchagua Siti binti Saad kwa ajili ya vijana wetu waliozaliwa Karantina, ambao bibi zao huwasemesha Kiswahili nao hujibu kwa Kiarabu.

Siti alizaliwa yapata mwaka 1880 huko Fumba, Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua, na jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Hakusoma shule. Kazi aliyorithi kwa mama yake ni ufinyanzi. Alijitwika vyungu akavitembeza, akivinadi kwa nyimbo, hata watu wakamjua kwa sauti kabla ya kumwona sura. Kunadi huko ndiko kulikompa pumzi ndefu na sauti ya kufika mbali.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Taarabu ya siku zile ilikuwa na asili ya kasri. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni. Na mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa. Waimbaji walikuwa wanaume, na lugha ilikuwa Kiarabu. Mwanamke wa shamba, mwana wa wanyonge, hakuwa na nafasi humo. Bwana Ali Muhsin aliisikia sauti yake, akachukua jukumu la kumfunza kuimba kwa Kiarabu na kwenda sambamba na ala.

Darasa lake la pili lilikuwa nyumbani kwake Ng'ambo. Hapo alikutana usiku na wenziwe, Subeti Ambari, Budda Swedi, Mbaruku Talsam na Mwalimu Shaabani, wakafanya mazoezi. Majirani walikuja kusikiliza, nao wakaleta habari za mitaani na za mahakamani. Habari hizo zikageuka nyimbo, na nyimbo hizo zilikuwa za Kiswahili. Katika wimbo wa Kijiti, muuaji wa mwanamke anatoroka, na wanawake waliotoa ushahidi ndio wanaoadhibiwa. Wanyonge walisikia kilio chao kikiimbwa kwa ufundi uliokuwa wa wakubwa.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwachukua hadi Bombay kurekodi santuri. Sauti ya Kiswahili ikasikika majumbani na mikahawani kote Afrika Mashariki. Siti alifariki Julai 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Mimi nilihamia ughaibuni nikiwa mtu mzima, na lugha yangu ilikwisha kukomaa. Watoto wetu hawakupata bahati hiyo. Wapo wazee wanaowakemea kwa Kiarabu chao, siafikiani nao. Siti alikipokea Kiarabu kwa adabu, akachota ufundi wake wote, kisha akawaimbia watu wake kwa lugha yao. Lakini yeye alikuwa na majirani waliomletea maneno kila usiku. Vijana wetu wataletewa na nani, ikiwa sisi wenyewe tunazungumza nao kwa Kiarabu tukiona kuwa ndiyo wepesi?

Basi katika mkutano huu kila mzee na amfunze kijana mmoja wimbo mmoja wa kwao, pamoja na maana yake.

Wabillahi tawfiq.