Dunlop: Daktari wa mifugo aliyeipa dunia tairi la upepo

WATU wengi wanalijua jina la Dunlop kwa kuliona ubavuni mwa tairi. Wachache wanajua kuwa lilikuwa jina la daktari wa mifugo, mtu wa farasi na ng'ombe, ambaye hakusomea uhandisi. Na wachache zaidi wanajua kwamba biashara iliyotokana na kazi yake ilipouzwa kwa mamilioni ya paundi, yeye alikuwa amekwishajitoa.

John Boyd Dunlop alizaliwa Februari 5, 1840, katika kijiji cha Dreghorn, magharibi mwa Scotland, kwenye familia ya wakulima. Alisomea utabibu wa mifugo mjini Edinburgh na mwaka 1867 akahamia Ireland, ambako hatimaye alifungua kliniki mjini Belfast. Siku hizo farasi ndiye aliyekuwa lori, basi na teksi, hivyo aliyejua kumtibu hakukosa kazi. Kufikia katikati ya miaka ya 1880 kliniki yake ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa nchini Ireland. Kwa maneno mengine, Dunlop hakuwa mtu wa kubahatisha maisha. Alikuwa na shughuli yake na ilimlipa.

Mwaka 1887 mwanawe mdogo, Johnny, alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Matairi ya wakati huo yalikuwa ya mpira mgumu usio na upepo ndani, na mitaa ya Belfast ilitandikwa mawe. Kila jiwe lilimfikia mtoto mgongoni. Dunlop, ambaye katika kazi yake alizoea kujitengenezea vifaa vya mpira, akagundisha karatasi za mpira kuwa bomba, akalizungushia kwenye duara la ubao, akalifunika kwa kitambaa na kulijaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu.

Kisha akafanya jaribio ambalo fundi yeyote angeweza kulielewa. Uani kwake alilisukuma gurudumu la baiskeli ya mtoto, halafu akalisukuma lile duara lenye upepo. La kwanza liliishiwa nguvu na kuanguka. La pili lilivuka ua mzima, likagonga lango na kurudi. Hapo aliona jambo kubwa kuliko starehe ya mtoto: upepo haulainishi safari tu, unapunguza pia nguvu inayopotea njiani. Gurudumu gumu hulazimika kujinyanyua juu ya kila jiwe, lakini tairi la upepo hubonyea, likalimeza jiwe na kuendelea.

Mwaka 1888 alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi wake. Mei 18, 1889, mwendesha baiskeli Willie Hume alitumia matairi hayo kwenye mashindano mjini Belfast. Watazamaji waliyacheka kwa unene wake, lakini Hume alishinda mbio zote nne alizoshiriki. Kwa biashara, ushindi huo ulikuwa tangazo lisilo na mfano.

Mmoja wa walioona mbali alikuwa Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin ambaye wanawe walikuwa waendesha baiskeli za mashindano. Mwaka 1889 kampuni ilianzishwa mjini humo. Dunlop aliikabidhi hataza yake kwa malipo ya hisa, naye Du Cros akashika uongozi.

Pigo lilikuja mwaka uliofuata. Iligundulika kuwa Mscotland mwingine, Robert William Thomson, alikwishapata hataza ya tairi la upepo mwaka 1845, akiwa kijana wa miaka 23. Thomson aliyafunga matairi yake kwenye magari ya farasi mjini London, lakini mpira ulikuwa ghali na baiskeli zilikuwa hazijaenea, hivyo uvumbuzi wake ukasahaulika. Dunlop hakuwahi kumsikia. Lakini sheria ya hataza haiulizi kama ulijua, inauliza nani alitangulia. Hataza ya Dunlop ikabatilishwa.

Kampuni ingeweza kufa hapo. Iliyoiokoa ni akili ya biashara ya Du Cros, aliyenunua hataza za watu wengine. Tairi la Dunlop lilikuwa limegundishwa kwenye rimu, na kuziba pancha ilikuwa kazi kubwa. Mwaka 1890 Charles Kingston Welch alibuni tairi lenye waya kingoni linaloshika rimu, naye William Bartlett akabuni njia nyingine ya kulishikiza. Kuanzia hapo tairi liliweza kuvuliwa, kuzibwa na kurudishwa.

Dunlop na wenzake hawakuelewana daima, na katikati ya miaka ya 1890 alijitoa. Mwaka 1896 mfanyabiashara Ernest Terah Hooley aliinunua kampuni hiyo kwa paundi milioni 3, kisha akaiuza kwa umma kwa paundi milioni 5. Jina la Dunlop lilibaki na kuzunguka dunia, lakini mwenye jina hakupata utajiri huo. Alifariki Dublin mwaka 1921 akiwa na miaka 81.

Mafanikio ya tairi la upepo yalikuwa na upande wa giza, na Afrika ndiyo iliyoubeba. Baiskeli na baadaye magari yalipoongezeka, viwanda vya Ulaya na Marekani vilihitaji mpira kwa wingi. Katika Kongo iliyomilikiwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908, wanavijiji walilazimishwa kuingia msituni kugema mpira wa mwitu. Walioshindwa kufikisha kiasi walichopangiwa walichapwa, wake zao walishikwa mateka, vijiji vilichomwa na watu wengi sana waliuawa. Dunlop hakuamuru hayo, lakini bila soko la matairi mpira huo usingekuwa na bei iliyowapagawisha wakubwa wa Kongo.

Tairi lenyewe halikusimama pale alipoliacha. Upepo hubeba mzigo, lakini kinacholipa tairi umbo ni nyuzi zilizofichwa ndani ya mpira. Kwa miaka mingi nyuzi hizo zilipangwa mshazari, tabaka moja likikatiza jingine. Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilipata hataza ya tairi ambalo nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na mkanda umezunguka chini ya uso unaokanyaga barabara. Hilo ndilo tairi la radial. Kwenye pikipiki liliingia kwa nguvu miaka ya 1980.

Tofauti hiyo dereva huisikia mikononi. Katika tairi la mshazari, ubavu na uso ni kitu kimoja: ubavu ukikunjwa na mzigo, uso nao hujikunja na kusuguana na barabara, na tairi hupata joto. Mwendo ukiwa mkali hutanuka na sehemu inayoshika lami hupungua. Lakini ubavu wake ni mgumu, hustahimili mzigo na mashimo kwa mwendo wa kawaida, na bei yake ni nafuu. Katika radial, ubavu hucheza bila kuuvuruga uso. Tairi hubaki na joto kidogo, hushika lami vizuri kwenye kona na hutulia kwenye kasi, na ndiyo maana hufungwa kwenye pikipiki kubwa.

Kwa bodaboda anayebeba magunia kwenye barabara ya vumbi, tairi la mshazari kwa kawaida ndilo linalofaa, na ndilo pikipiki nyingi ndogo zimeundiwa. La muhimu ni kutochanganya aina mbili, moja mbele na nyingine nyuma, isipokuwa mtengenezaji wa pikipiki ameruhusu, kwa sababu magurudumu hayo huitikia usukani kwa namna tofauti na pikipiki inaweza kuyumba. Soma ubavuni kabla ya kulipa: kistari kabla ya kipimo cha rimu, kama 3.00-18, ni mshazari. Herufi R mahali hapo ni radial. Na upepo upimwe kabla ya kupakia mzigo, kwani tairi lolote lenye upepo mdogo hupata joto, huyumba na kuisha mapema.

Kwa mwenye wazo jipya la biashara, maisha ya Dunlop yanafundisha kutafuta kwanza aliyetangulia. Kazi hiyo Tanzania huanzia BRELA, na Kenya huanzia KIPI. Ni hatua ya kuchukua kabla ya kugawana hisa na mtu yeyote.