Mwalimu Nyerere na fikra zilizovunja nyarubanja

KWA karne kadhaa, eneo ambalo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera lilikuwa chini ya Wahinda, ukoo wa kifalme wenye makao yake Bweranyange. Mtawala wao, Omukama, hakuchaguliwa na raia. Alirithi kiti pamoja na ngoma, nyundo na ng'ombe wa chuma, alama za mamlaka ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyahoji.

Kiongozi aliyefuta utawala wa aina hiyo Tanganyika nzima alikuwa mwenyewe mtoto wa chifu.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Aprili 13, 1922, Butiama, katika mkoa wa sasa wa Mara. Baba yake alikuwa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaendelea Tabora, kisha akasoma Makerere, Uganda, kati ya mwaka 1943 na 1945.

Akiwa Makerere alisoma maandishi ya John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 19, aliyepinga mwanamke kuwekwa chini ya mwanamume kwa sababu ya mazoea tu. Nyerere aliichukua hoja hiyo, akaipima kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki aliowafahamu tangu utotoni, akaandika insha. Mila aliyolelewa nayo sasa ilitakiwa kujieleza mbele ya akili.

Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, akahitimu mwaka 1952. Miongoni mwa masomo yake yalikuwamo uchumi, historia, sheria za katiba na falsafa ya maadili.

Huo ulikuwa mkondo wa fikra wenye historia ndefu. Katika karne ya 17, John Locke alidai kwamba serikali hupata uhalali kwa ridhaa ya wanaotawaliwa, na kwamba mtu humiliki kile alichokitolea jasho. Mwaka 1762, Jean-Jacques Rousseau aliandika kwamba mamlaka ya nchi ni mali ya umma. Fikra hizo ziliingia katika mapinduzi ya Marekani na Ufaransa, na hatimaye katika Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948.

Aliporudi nyumbani, Nyerere alizigeuza kuwa silaha ya kudai uhuru. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, na mwaka uliofuata alisimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York kuitetea Tanganyika. Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia utolewe kwa kuangalia rangi, aliwapinga waziwazi na kuuweka rehani uongozi wake.

Kwa wakulima wa Ziwa Magharibi, jina la zamani la Kagera, fikra hizo zilifika hadi shambani. Mwaka 1958 Nyerere alikuwa ameandika kuwa ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote, na kwamba haki ya mtu juu yake hutokana na kazi aliyoifanya. Chini ya nyarubanja, familia iliyopanda migomba na mibuni kwa mikono yake ililipa kodi na kutoa utumishi kwa mtwazi, bwana aliyepata ardhi hiyo kwa hisani ya mtawala.

Mwaka 1963 Bunge lilifuta mamlaka ya machifu. Mwaka 1965 ikapitishwa sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja, na mwaka 1968 sheria nyingine ikagusa upangaji mwingine wa ardhi kwa mila. Aliyelima akawa na haki juu ya alicholima.

Hata hivyo, mwanafunzi huyo wa Mill hakuufuata mkondo huo hadi mwisho. Mwaka 1962 ilipitishwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyoruhusu mtu kufungwa bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Katiba ilikaa bila orodha ya haki za raia hadi mabadiliko ya mwaka 1984, mwaka mmoja kabla hajang'atuka.

Baada ya kung'atuka, yeye mwenyewe alihimiza suala la vyama vingi lijadiliwe bila woga, na mfumo huo ukarejea mwaka 1992. Alifariki dunia London, Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama.

Mkulima wa Karagwe alitolewa mikononi mwa mtwazi ndani ya miaka minne ya Uhuru. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kwa haki zake mbele ya serikali yenyewe kuandikwa katika Katiba. Fikra zilizoiondoa kodi ya mtwazi ndizo hizo hizo zilizomtaka mtawala naye, awe wa kurithi au wa kuchaguliwa, aulizwe uhalali wake.