Mtoto Aliyelifuata Jua

Wanachuo wenzangu, nikiwa fildi mwaka jana niliazima darubini ndogo na kuwaahidi wanafunzi wa kidato cha pili kwamba tutapiga picha ya Zohali kwa simu yangu. Hatukuipata. Dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo ukitaka nyota itulie machoni, mhimili wa stendi lazima uelekee kwenye ncha ya anga. Huku kwetu karibu na Ikweta ncha ya kusini iko chini sana, karibu na upeo, na hakuna nyota angavu ya kuionyesha. Stendi yangu ilikataa kulala kiasi hicho. Usiku wa pili mambo yakawa yale yale. Wenzake wote wakaenda kulala, akabaki kijana mmoja akiisukuma darubini kwa mkono, taratibu. Akaniuliza kama na yeye anaweza kuja kuifanya kazi hii. Nilikuwa nimechoka, na mchana ule nilikuwa nimesahihisha mtihani wake wa hesabu. Nikamwambia kwa hesabu zile, asahau.

Niliporudi chuoni ndipo nikasoma maisha ya Edward Emerson Barnard, na usingizi ukanipaa.

Barnard alizaliwa mwaka 1857 mjini Nashville, Marekani. Baba yake alikufa kabla hajazaliwa, na mama akawalea wanawe kwa shida wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Darasani alikaa kama miezi miwili tu, basi. Hata miaka 9 hajatimiza, akapelekwa kufanya kazi studio ya picha. Juu ya paa kulikuwa na kamera kubwa ya kukuzia picha kwa mwanga wa jua, na kazi yake ilikuwa kuzungusha magurudumu ili kamera isiliache jua. Waliomtangulia walisinzia. Yeye hakusinzia. Alikaa kwenye studio ile miaka 17 hivi.

Alipokua alinunua darubini ya inchi 5 kwa dola 380, karibu theluthi mbili ya mshahara wake wa mwaka. Hebu piga hesabu kwa bumu lako uone. Mwaka 1877 wanasayansi wakafanya mkutano Nashville, naye akamwendea Simon Newcomb, mnajimu mkubwa wa wakati ule, kumwomba ushauri. Newcomb alimwambia aiweke darubini pembeni kwanza, akajifunze hesabu. Kijana akajificha nyuma ya nguzo akalia.

Lakini hakuacha. Alianza kujifunza hesabu, na usiku akatafuta nyotamkia, maana tajiri mmoja alikuwa akitoa dola 200 kwa kila mpya itakayoonekana. Kwa pesa hizo yeye na mkewe Rhoda wakajenga nyumba. Mwaka 1883 Chuo Kikuu cha Vanderbilt kikampa nafasi ya kutunza darubini zake huku akisoma, na baadaye akaenda kituo cha Lick, California. Huko, mwaka 1892, aliuona kwa macho yake mwezi wa tano wa Mshtarii. Tangu Galileo hakuna aliyekuwa ameongeza mwezi kwenye sayari hiyo.

Kilichonigusa zaidi ni picha zake. Alipata lenzi kuukuu ya inchi 6, iliyotengenezwa kwa ajili ya kupigia watu picha studio, akaifunga kwenye darubini na kuielekeza kwenye Njia Nyeupe. Mtambo wa saa uliokuwa ukiizungusha haukuaminika peke yake. Basi alikaa gizani saa nyingi mfululizo, jicho kwenye nyota moja, mkono ukirekebisha kila inapoteleza. Kumbe ni kazi ile ile ya utotoni, ila sasa alifuata nyota. Baadaye, kwenye kituo cha Yerkes, aliifanya hata kwenye baridi ya kugandisha maji. Bamba likiharibika, usiku mzima umepotea.

Mabamba yale yalionyesha madoa meusi katikati ya nyota. Mwanzoni mengi aliyadhania matundu, baadaye akakubali kwamba mengi ni mawingu ya vumbi yanayoziba mwanga. Mwaka 1919 alichapisha orodha ya madoa 182. Alifariki mwaka 1923. Mwezi wa saba, penye giza la kutosha, baadhi yake unayaona kwa macho juu ya vichwa vyetu.

Nimewaza sana kuhusu Newcomb na mimi. Kuhusu hesabu hakukosea, Barnard alizihitaji. Lakini yeye alimwambia kijana akajifunze, mimi nilimwambia asahau, na ni mimi ninayesomea ualimu. Tena kijana yule alikuwa ameishika nyota kwa mkono, jambo ambalo stendi yangu ilishindwa usiku mbili.

Nimemwandikia barua kupitia kwa mwalimu wake wa darasa. Nimemwomba radhi, nikamweleza habari za mtoto wa juu ya paa, na nimeambatanisha maswali kumi ya pembe. Bado nasubiri majibu yake.