Gaston Fébus na Mkate wa Mbwa

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Aliyewahi kufuga mbwa hahitaji kufafanuliwa methali hii. Hebu toka jikoni na ukoko wa ugali mkononi uone kama mbwa wako hatakufuata mpaka langoni. Akikufikia hunusa mara moja, mkia ukitikisika, halafu humeza. Haulizi kimetoka wapi wala kimetiwa nini, maana mkono uliompa anaujua.

Katika makala haya nitawasimulia maisha ya mtu mashuhuri wa Ulaya ya kale aliyewajua mbwa kuliko karibu watu wote wa zama zake. Aliwajengea, akawalisha, akaandika kitabu juu yao. Lakini mtu huyo huyo ndiye anayesimuliwa kuwa alitumia kipande cha mkate na mbwa mmoja kugundua jambo lililoibomoa nyumba yake.

Jina lake lilikuwa Gaston. Alizaliwa mwaka wa 1331 katika ukoo uliotawala nchi mbili ndogo, Foix na Béarn, karibu na milima ya Pyrenees inayotenganisha Ufaransa na Uhispania. Baba yake alipofariki mwaka wa 1343, Gaston alikuwa mtoto wa miaka 12 tu. Alirithi kiti, naye mama yake, Aliénor, akawa anaangalia mambo ya utawala mpaka kijana apate akili za kiutu uzima.

Akili hizo zilikuja mapema. Wakati huo wafalme wa Ufaransa na Uingereza walikuwa katika vita vilivyoanza mwaka wa 1337 na ambavyo vingedumu zaidi ya miaka 100. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia, na Béarn ilikuwa nyasi katikati yao. Mwaka wa 1347 Mfalme wa Ufaransa alimtaka Gaston aahidi kumtii kwa ajili ya nchi zake zote. Kijana huyo, wa miaka 16 tu, alikubali kuhusu Foix, lakini kuhusu Béarn akajibu kwamba nchi hiyo alipewa na Mungu, hakupewa na mwanadamu yeyote. Basi akaendelea hivyo maisha yake yote, leo akizungumza na huyu, kesho na yule, wala hakumezwa na yeyote.

Mwaka wa 1349 alimwoa Agnes, dada ya Charles, mfalme wa Navarre. Shemeji huyu alikuwa mtu wa hila nyingi hata historia ikambandika jina la Charles Mbaya. Mkumbuke, tutakutana naye tena.

Mwaka wa 1358 Gaston alisafiri mbali kupigana vita vya kidini huko Prussia. Katika miaka hiyo ndipo alipojipa jina la Fébus, jina la mungu wa jua wa Wagiriki wa kale, na mpaka leo anajulikana hivyo. Halafu, tarehe 5 Desemba 1362, alimshinda jirani na adui yake wa siku nyingi, mtawala wa Armagnac, katika vita vya Launac. Mateka walikuwa wengi na wenye mali. Kila mmoja alilazimika kujikomboa kwa pesa, na Fébus akatoka hapo tajiri wa kutupwa.

Mwaka huo huo Agnes alimzalia mtoto wa kiume, akaitwa Gaston kama baba yake. Mngedhani nyumba ilijaa furaha. La hasha! Kwa desturi yao, mahari hutolewa na upande wa mke, na Charles hakuwa amemaliza kulipa. Fébus alikasirika, akamfukuza mke wake arudi kwao Navarre huku mtoto akiwa bado mchanga. Mtoto alibaki kwa baba. Akakua katika ngome ya Orthez bila mama.

Orthez ilikuwa ngome ya mbwa. Froissart, mwandishi wa historia ambaye tutamwona baadaye, aliandika kwamba Fébus alikuwa na mbwa 1,600. Hata tukisema alitia chumvi kidogo, bado ni jeshi zima. Walikuwako mbwa wembamba wa mbio, mbwa wa kunusa nyayo, na mbwa wakubwa wa kukabiliana na dubu na nguruwe mwitu. Chakula chao cha kila siku kilikuwa mkate. Mkate uliokwa kwa ajili ya watu na mkate ukaokwa kwa ajili ya mbwa. Isitoshe, watu wa enzi hizo walikula juu ya kipande kinene cha mkate mkavu badala ya sahani. Baada ya kula, kipande hicho kilichofyonza mchuzi walipewa maskini au mbwa. Kwa hiyo mbwa wa ngome walizoea kuitwa mezani kupokea mkate kutoka kwa mkono wa bwana wao.

Sasa tufike mwaka wa 1380. Gaston mdogo alikuwa amefika umri wa mwanafunzi wa kidato cha nne. Kama alivyosimulia Froissart, kijana alikwenda Navarre kumwona mama yake. Alipokuwa akiaga, mjomba wake Charles alimpa kifuko cha unga. Akamwambia kwamba ni dawa ya mapenzi: akimtilia baba yake katika chakula, bila kumwambia mtu, baba atampenda mama tena na kumrudisha nyumbani. Jamani, ni mtoto gani aliyelelewa bila mama ambaye angeikataa dawa kama hiyo? Kijana akakivaa kile kifuko shingoni, ndani ya nguo.

Huko nyumbani alikuwa na ndugu wa nje ya ndoa aliyeitwa Yvain, ambaye alikiona kile kifuko. Siku moja waligombana wakicheza mpira, Gaston akamzaba kofi. Yvain akaenda akilia kwa baba, akatoboa siri. Baba hakusema neno. Alingoja mpaka wakati wa chakula, mwanawe alipokuwa akimhudumia mezani kama ilivyokuwa kawaida. Akamwita karibu, akaifungua nguo yake na kukikata kifuko kwa kisu. Akanyunyiza ule unga juu ya kipande cha mkate, akamwita mbwa.

Mbwa alikuja, kama alivyokuja siku zote. Aliula mkate, akageuza macho, akafa.

Fébus alitaka kumuua mwanawe papo hapo, lakini wakuu waliokuwapo wakapiga magoti na kumsihi. Kijana akafungiwa katika mnara wenye giza. Huko aligoma kula, chakula alicholetewa kikawa kinarundikana bila kuguswa. Baba alipoambiwa alipandwa na hasira, akaenda mnarani akiwa na kisu kidogo mkononi. Alimsukuma mwanawe shingoni akimuuliza kwa nini hali. Ncha ya kisu ikakata mshipa, na kijana akafa. Hivyo ndivyo Froissart alivyoandika. Wanahistoria wengine huona kwamba kulikuwa na njama ya kweli ya kumwondoa Fébus madarakani na kwamba hakumuua mwanawe kwa ajali. Vyovyote iwavyo, wote wanakubaliana juu ya jambo moja: mtoto wake wa pekee wa ndoa alikufa mikononi mwake. Hasira ni hasara, na hasara hii haikuwa na fidia.

Je, mtu aliyefikwa na haya angefanya nini? Fébus aliandika. Anajulikana kwa kitabu cha sala za toba, ambamo mtu mwenye dhambi nzito anamwomba Mungu msamaha. Tena tarehe 1 Mei 1387, miaka 7 baada ya msiba, alianza kitabu kikubwa juu ya uwindaji. Katika utangulizi alikiri kwamba mambo matatu yalimpendeza maishani, yaani vita, mapenzi na kuwinda. Katika mawili ya kwanza wapo waliomshinda, lakini katika kuwinda hakuona wa kumfundisha.

Sehemu tamu ya kitabu hicho ni ile ya kuwatunza mbwa. Alitaka banda lao lijengwe kwa mbao, liinuliwe kutoka ardhini ili unyevu usiwafikie. Liwe na ghorofa juu ili lisipate joto kali wakati wa kiangazi wala baridi kali wakati wa majira ya baridi. Nyuma pawe na uwanja wenye jua, na mlango uachwe wazi mbwa watoke na kuingia wapendavyo. Pawe na mahali pa kuwasha moto, wajikaushe wakitoka kuwinda wakiwa wameloa. Nyasi za kulalia zibadilishwe kila siku na maji yawe safi. Asubuhi mbwa wachanwe na kupanguswa, kisha wapelekwe matembezini, na wapate nafasi ya kula majani, ambayo ni dawa yao.

Kuhusu chakula, mkate ndio uliokuwa msingi. Mbwa mgonjwa au aliyekonda alipewa vitu vya kumrudishia nguvu: maziwa ya mbuzi, mchuzi wa maharagwe, nyama iliyokatwakatwa, mayai yaliyopikwa kwa siagi. Lakini karamu yao hasa ilikuwa baada ya kumkamata kulungu. Mkate ulikatwa vipande vidogo, ukachanganywa na damu na matumbo ya mnyama, ukatandazwa juu ya ngozi yake. Mbwa walizuiwa kwanza mpaka ishara itolewe. Kila mmoja alijua kwamba ameifanyia kazi zawadi hiyo.

Na nani awalinde mbwa hao? Fébus alisema afundishwe mtoto wa miaka 7 hivi. Mtoto huyo ajue majina ya mbwa wote na rangi zao, na usiku alale nao bandani wasije wakapigana. Mimi nilipofika hapo nilisimama kidogo. Aliyeyaandika haya alikuwa na mwana aliyewahi kuwa na miaka 7 katika ngome hiyo hiyo.

Mwishoni mwa mwaka wa 1388 Froissart alifika Orthez, akiwa amemletea mwenyeji wake zawadi ya mbwa wanne wa mbio kutoka Uingereza. Walikuwa na majina: Tristan, Hector, Brun na Roland. Alimkuta Fébus mzee anayekula chakula chake usiku wa manane, watumishi 12 wakiwa wameshika mienge mbele ya meza. Usiku baada ya usiku alimsomea hadithi. Ile habari ya mkate na kifuko hakuipata kwa mwenyeji wake. Ni mtumishi mmoja mzee wa ngome aliyemsimulia.

Tarehe 1 Agosti 1391 Fébus alitoka kuwinda dubu katika misitu ya Sauveterre. Alasiri akaenda Orion, karibu na hapo, kula. Alipomiminiwa maji baridi anawe mikono, alianguka, na muda si muda akakata roho. Waliomnawisha waliogopa sana wasije wakadhaniwa wameyatia sumu, wakayanywa yale maji mbele ya watu. Basi hata siku ya kufa kwake, kile kivuli cha sumu kilikuwa bado mezani.

Hakuacha mrithi wa ndoa. Yvain, yule aliyetoboa siri, naye alikufa kifo kibaya mwaka wa 1393. Aliungua pamoja na wenzake katika ngoma ya kuvaa vinyago mbele ya mfalme huko Paris. Utajiri wa Launac ulitawanyika. Kilichobaki ni kile kitabu. Edward, mtawala wa York, alikitafsiri kwa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 15. Nakala moja yenye picha za kupendeza, za watu wakiwaosha mbwa na kuwakagua miguu, imehifadhiwa katika maktaba ya taifa ya Ufaransa jijini Paris.

Ndugu zangu wanachama, mtu akitaka kumwokea mbwa wake mkate hata leo, si kazi ngumu. Unga wa ngano au wa mahindi, yai moja, na supu ya mifupa isiyo na chumvi vyatosha. Ukande uwe mgumu, ukate vipande vidogo, uoke kwenye sufuria yenye makaa juu na chini mpaka vikauke. Usitie kitunguu, kitunguu saumu, zabibu wala chokoleti, maana hivyo kwa mbwa ni sumu. Mvipoze kwanza kabla ya kumpa.

Naye atavila bila kuuliza. Hilo ndilo ninalotaka tulikumbuke. Yule mbwa wa Orthez aliuamini mkono wa bwana wake, kama vile kijana Gaston alivyouamini mkono wa mjomba wake. Fébus aliandika vizuri sana jinsi ya kumtunza kiumbe anayekutegemea, lakini alijifunza sehemu ngumu zaidi ya somo hilo akiwa amechelewa. Majuto ni mjukuu. Mkono mtupu haulambwi, ni kweli, lakini mkono uliojaa nao una deni kwa yule anayeulamba.