John Flynn na Ndege ya Daktari

Ndugu msomaji, fikiri juu ya mgonjwa aliye mbali na daktari kwa mwendo wa siku nyingi. Hapana barabara. Hapana gari la wagonjwa. Hivyo ndivyo walivyoishi watu wa nyika za Australia zamani.

John Flynn alizaliwa nchini humo mwaka 1880. Mwaka 1911 akawa kasisi wa Kanisa la Presbiteri. Mwaka uliofuata akapewa kazi ya kuwahudumia watu wa nyikani. Alianzisha vituo vya wauguzi, lakini muuguzi peke yake hakutosha.

Sikiliza kisa hiki cha mwaka 1917. Kijana mmoja mchunga ng'ombe alianguka na farasi, akaumia vibaya tumboni. Wenzake wakampeleka kwa mkokoteni mpaka Halls Creek. Huko daktari hayupo! Mkuu wa posta alijua huduma ya kwanza tu. Akapeleka simu ya maandishi kwa daktari mmoja wa mji wa Perth, mbali sana kusini. Daktari akamweleza kwa simu hiyo hiyo mahali pa kukata na namna ya kushona. Mkuu wa posta akampasua mgonjwa kwa kisu chake cha mfukoni. Kisha daktari mwenyewe akafunga safari, kwa meli, kwa gari, kwa farasi, hata kwa miguu. Alifika baada ya siku zaidi ya kumi. Kijana alikuwa amekufa jana yake.

Mwaka huo huo Flynn alipata barua. Iliandikwa na askari kijana, Clifford Peel, mwanafunzi wa udaktari. Alishauri kwamba daktari apelekwe kwa wagonjwa kwa ndege. Peel aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1918, asione matunda ya shauri lake. Lakini Flynn hakulitupa. Kwa miaka kumi alitafuta fedha.

Tarehe 17 Mei 1928 ndege ya kwanza iliruka na daktari kutoka Cloncurry. Ilikuwa ndege ndogo ya injini moja, isiyo na redio. Rubani alifuata mito, nyaya za simu na nyua za mashamba. Mwaka wa kwanza wagonjwa 225 walitibiwa.

Je, mgonjwa wa nyikani angemwitaje daktari? Ndege bila habari ni bure. Hapo fundi Alfred Traeger alimsaidia Flynn. Alitengeneza redio inayopata umeme kwa kukanyaga kwa miguu, kama unavyokanyaga cherehani. Kuanzia mwaka 1929 redio hizo zikawekwa mashambani. Hata mama wa nyumbani akaweza kumwita daktari.

Huduma hiyo ya ndege ingali inafanya kazi Australia. Lakini Flynn alilaumiwa pia. Wengine walisema aliwajali walowezi Wazungu kuliko wenyeji weusi wa nchi, na lawama hiyo si ndogo.

Flynn alikufa Sydney mwaka 1951. Majivu yake yalizikwa karibu na Alice Springs, chini ya jiwe kubwa. Kumbe jiwe lile lilitolewa mahali patakatifu pa wenyeji! Walilidai kwa miaka mingi, likarudishwa mwaka 1999. Wenyeji wa Alice Springs, Waarrernte, wakatoa jiwe jingine, likawekwa juu ya kaburi lake.