Uzee wa Abu Rayhani al-Biruni

Abu Rayhani Muhammad bin Ahmad al-Biruni alizaliwa katika nchi ya Khawarizmi mwaka 362 wa Hijra, nao ni mwaka 973 wa Miladi. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliitwaa nchi hiyo, akamchukua mwanachuoni huyu hata mjini kwake. Tangu hapo hakuwa na hiari ya kwenda atakako.

Lakini njia ya Hindi ilipofunguka hakuiacha ipite bure. Alijifunza Kisanskriti, akakaa na wanavyuoni wa Kihindi, na kwenye mwaka 1030 akatimiza kitabu chake juu ya nchi ile. Humo alieleza kuwa bandari ya Somnath imepata sifa kwa kuwa ni kituo cha mabaharia waendao baina ya Sufala, katika nchi ya Zanji, na Uchina. Bahari hiyo hakuivuka, ila khabari zake alizikusanya.

Hata umri ulipopita miaka 80 kwa hesabu ya miezi, macho yalidhoofika na masikio yakawa mazito. Hapo ndipo alipoandika kitabu cha madawa, kiitwacho Saydana, akisaidiwa na tabibu al-Nahsha'i. Mguu haukuweza tena kuzifuata nchi. Basi alizileta nchi kwake kwa majina ya miti na mizizi yake: Kiarabu, Kiajemi, Kiyunani, Kisuryani na Kihindi. Wala haikuwa kazi ya kujipumbaza, maana dawa moja ina majina mengi, na akosaye jina huenda akamnywesha mgonjwa kitu kingine.

Yaqut al-Hamawi amepokea kwamba fakihi al-Walwaliji aliingia kumzuru, roho i karibu kutoka. Mgonjwa akamwuliza mas'ala ya mirathi ya mabibi wa upande wa mama, waliyokuwa wameyazungumza zamani. Fakihi akamhurumia, akastaajabu kuulizwa katika hali ile. Akajibiwa kuwa kuiaga dunia hali ameyajua mas'ala hayo ni bora kuliko kuiaga hali hayajui. Akamfunulia, naye akayahifadhi. Fakihi akatoka, na kabla hajafika mbali akasikia kilio nyumbani.

Basi asiseme mtu kuwa uzee umemfungia mlango wa ilimu. Mwenyezi Mungu amrehemu Abu Rayhani, na atujaalie mwisho mwema. Amin.