Lord Shaftesbury, Mtetezi wa Wasio na Mtetezi

Watu wa Milima ya Pare wanaijua sana kazi ya mifereji. Tangu zamani wazee wao walichimba mifereji ya kuteremsha maji kutoka mito ya juu, wakajenga na ndiva za kuyaweka maji usiku kucha, ili asubuhi kila shamba lipate sehemu yake. Lakini mfereji ukiachwa bila mtu wa kuutembelea, majani huuziba, fuko hutoboa kingo zake, na mwenye shamba la juu huyachukua maji yote. Mjane aliye na shamba la chini kabisa hapati hata tone, ingawa mfereji umechimbwa na haki yake inajulikana na wote.

Ndivyo ilivyo sheria pia. Sheria njema inaweza kuandikwa kwa maneno mazuri, na bado mnyonge asifikiwe nayo, kama hakuna mtu wa kwenda kutazama. Katika nchi ya Uingereza alikuwapo mtu mmoja aliyelijua jambo hilo kuliko wenziwe wengi, akaifanya kazi ya kwenda kutazama kwa muda wa miaka 57. Jina lake lilikuwa Anthony Ashley-Cooper, na watu humjua zaidi kwa jina la cheo chake, Lord Shaftesbury.

Alizaliwa London tarehe 28 Aprili 1801, katika ukoo mkubwa wenye mali na mashamba. Lakini mali haikumletea furaha utotoni. Baba yake alikuwa mkali, na mama yake hakuwa na nafasi ya kukaa na watoto. Aliyempenda alikuwa mtumishi wa nyumbani, mwanamke aliyeitwa Maria Millis. Huyu ndiye aliyempakata, akamfundisha kusali, akamsimulia habari za Maandiko. Mtoto alipofika umri wa miaka 7 alipelekwa shule ya bweni, na huko wavulana wakubwa waliwatesa wadogo bila mtu wa kuwazuia. Baadaye Maria akafa, akamwachia yule mtoto saa yake ya dhahabu. Saa hiyo aliivaa mpaka uzee wake, naye alikuwa akiwaambia watu kwamba ilitoka kwa rafiki bora aliyepata kuwa naye duniani.

Alipokuwa kijana wa miaka kama 14, mwanafunzi katika shule ya Harrow, aliona jambo ambalo hakulisahau. Watu walikuwa wakiteremka kilima na jeneza la maskini mmoja. Walikuwa wamelewa, wakiimba na kupiga kelele, na hakuna ndugu hata mmoja aliyefuata nyuma. Mara wakajikwaa, jeneza likaanguka chini, nao wakaanza kutukanana. Kijana akasimama kwa hofu na uchungu, kwa kuwa aliona kwamba mtu asiye na fedha wala ndugu hukosa heshima hata siku ya maziko yake. Akaazimu moyoni kwamba maisha yake yatakuwa ya kuwatetea watu wa namna hiyo.

Akasoma Oxford, akafaulu vizuri sana, na mwaka 1826 akachaguliwa kuingia katika Bunge. Mwaka uliofuata Bunge liliweka halmashauri ya kuchunguza hali ya maskini wenye ugonjwa wa akili mjini London, naye akawa mmoja wa wajumbe wake.

Yafaa kueleza hali ilivyokuwa siku zile. Wagonjwa wengi wa akili waliwekwa katika nyumba za watu binafsi waliofanya kazi hiyo kama biashara. Wazee wa mtaa walimlipa mwenye nyumba fedha kidogo kila juma kwa ajili ya kila maskini aliyeletwa. Basi mwenye nyumba, kama alikuwa mchoyo, alipata faida kwa kuwapa wagonjwa chakula kidogo, nguo chache, na watumishi wachache wa kuwaangalia. Minyororo ilikuwa rahisi kuliko mshahara wa mtumishi. Tena wako watu wenye akili zao kamili waliofungiwa humo na jamaa zao kwa ajili ya ugomvi au urithi, nao wakipiga kelele kwamba wana akili, walihesabiwa kuwa wanazidi kuugua.

Kijana Ashley hakutosheka na kusikia habari akiwa amekaa kitini. Alikwenda mwenyewe kuzitazama nyumba hizo. Halmashauri ikapata habari za nyumba kubwa iliyokuwa Bethnal Green, upande wa mashariki wa London. Huko wagonjwa walifungwa kwa minyororo katika vitanda kama mahori, uchi, juu ya majani makavu. Walifungwa Jumamosi mchana, na hawakufunguliwa mpaka Jumatatu asubuhi, kwa sababu watumishi walitaka kupumzika. Hata Jumatatu ikifika walitolewa nje uani, wakaoshwa kwa maji baridi, ijapokuwa ni wakati wa baridi kali. Na mambo haya yote yalitendwa katikati ya mji mkubwa, karibu na makanisa na maduka, wala wapita njia hawakujua.

Mwaka 1828 Ashley akasimama katika Bunge kwa mara ya kwanza kusema juu ya jambo kubwa, nalo lilikuwa jambo hili. Alisema kwa sauti ndogo, kwa kuwa aliona haya, hata wengi hawakumsikia vizuri. Lakini sheria ikapita. Iliagiza kwamba mtu asiye maskini asifungiwe katika nyumba kama hizo ila kwa vyeti vya waganga wawili, na kwamba wakaguzi waziangalie nyumba za London mara nne kila mwaka. Ashley akawa mmoja wa wakaguzi hao, na baada ya miaka michache akawa mwenyekiti wao, kazi isiyokuwa na mshahara kwake.

Lakini sheria hiyo ilitosha London tu. Basi kuanzia mwaka 1842 wakaguzi walipewa ruhusa ya kuzunguka Uingereza yote na nchi ya Wales, wakatazama kila mahali wagonjwa walipowekwa. Taarifa yao ya mwaka 1844 iliwaaibisha watu wengi. Mwaka 1845 Ashley akalipelekea Bunge sheria mbili, nazo zikakubaliwa. Ya kwanza iliweka wakaguzi wa nchi nzima, baadhi yao waganga na baadhi yao wanasheria, wenye ruhusa ya kuingia mchana au usiku bila kutoa habari kwanza. Ya pili ililazimisha kila jimbo kujenga hospitali ya maskini wenye ugonjwa wa akili. Tena iliamriwa kwamba mgonjwa akifungwa, jambo hilo liandikwe katika kitabu, ili mkaguzi alione. Maana mtu ajuaye kwamba tendo lake litasomwa na mwingine, hufikiri mara mbili kabla ya kulitenda.

Haikuwa kazi hiyo peke yake. Katika viwanda vya nguo watoto wadogo walifanya kazi saa nyingi mpaka wakalala wamesimama. Sheria ya mwaka 1833 ikakataza watoto wa chini ya miaka 9 katika vingi vya viwanda hivyo, ikaweka na wakaguzi. Katika mashimo ya makaa ya mawe watoto walikaa gizani na wanawake walivuta magari kama punda. Sheria ya mwaka 1842 ikawaondoa wanawake wote, na wavulana wa chini ya miaka 10. Katika mambo yote mawili Ashley alikuwa mstari wa mbele. Mara kwa mara wakubwa wa serikali walitaka kumpa cheo kizuri, lakini alikataa, kwa hofu kwamba cheo kingemfunga kinywa. Mwaka 1851 baba yake alifariki, naye akarithi jina la Lord Shaftesbury pamoja na madeni mengi.

Jambo moja lilimtia uchungu kuliko mengine. Siku zile watoto waliingizwa ndani ya mabomba ya moshi ya nyumba kubwa, wapande na kuyasafisha kwa mikono yao. Sheria ya mwaka 1840 ilikataza, na ya mwaka 1864 ikakataza tena kwa nguvu zaidi. Lakini hakuna aliyewekwa kutazama, na wenye nyumba wakafumba macho. Ndipo mwezi wa Februari 1875 mtoto mmoja, George Brewster, akakwama katika bomba la moshi karibu na mji wa Cambridge, akatolewa, akafa. Na mahali penyewe palikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili! Nyumba iliyojengwa kwa sheria ya kuwalinda wanyonge, humo humo mnyonge mwingine akafa kwa kuvunjwa kwa sheria nyingine. Shaftesbury, mzee wa miaka zaidi ya 70, akarudi tena Bungeni. Sheria ya mwaka huo ikaagiza kwamba kila msafishaji apate cheti, na polisi waangalie. Tangu hapo watoto wakaokoka.

Huzuni ya wagonjwa haikuwa jambo la mbali kwake. Mwanawe Maurice alikuwa na kifafa, akafa kijana katika nchi ya Uswisi mwaka 1855. Baba huyo alijua maana ya kumkabidhi mtoto mikononi mwa wengine.

Lakini si kila alilolifanya lilikuwa sawa. Hospitali alizozitaka zilijengwa, kisha zikajaa mno, na wengi walikaa humo miaka mingi bila kutazamiwa kurudi kwao. Tena alipinga shauri la kwamba hakimu atoe amri kabla mgonjwa mwenye mali hajafungiwa, kwa kuwa aliogopa wagonjwa watacheleweshewa dawa. Alipokwisha kufa, sheria ya mwaka 1890 ililikubali shauri hilo. Hivyo hata mkaguzi mwema anahitaji kukaguliwa.

Alifariki mji wa Folkestone tarehe 1 Oktoba 1885, akiwa bado mwenyekiti wa wakaguzi. Siku ya ibada ya maziko katika kanisa kubwa la Westminster, njia za London zilijaa maskini, wafagiaji, wauza maua na watoto wa viwandani. Kisha akazikwa katika kanisa dogo la kijiji cha jamaa zake. Jeneza la maskini wa Harrow halikufuatwa na mtu. La huyu lilisindikizwa na maelfu waliokuwa kama maskini yule.

Katika Tanzania pia kazi ya namna hii ina historia yake. Mtu akitoka Nyumba ya Mungu, akapita Same na kuifuata njia ya Korogwe, ataiona Milima ya Usambara. Huko juu, mahali paitwapo Lutindi, wamisionari wa Kijerumani walijenga mwaka 1896 nyumba ya watoto waliookolewa katika utumwa. Baadaye ikawa mahali pa kuwatunzia wagonjwa wa akili, na hospitali ipo hata leo. Mwaka 2008 Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Afya ya Akili, na mwaka 2010 Sheria ya Watu Wenye Ulemavu.

Basi mifereji imechimbwa. Lakini katika kila kijiji huenda yuko mtu aliyefichwa chumba cha nyuma, mzee aliyesahauliwa, au mtoto asiyeweza kujisemea. Serikali haina macho ya kutosha kuingia kila ua. Jirani anayepita, akasikia kilio, akaenda kutazama na kutoa habari kwa wakubwa, huyo ndiye anayeyafikisha maji kwenye shamba la chini.